Seva ya tatu imeingia, bakapu imeanza kugoma: tatizo ni programu au leseni?

"Shikamoo mtaalamu. Nasimamia TEHAMA kwenye SACCOS moja hapa Tabora mjini. Tangu 2021 tuna seva mbili zenye prosesa mbili kila moja, zinaendesha VMware ESXi 7 chini ya vCenter, kwa leseni ya Essentials Plus ya kudumu. Mwaka huu tumeongeza ya tatu, nayo ina prosesa mbili. Mashine pepe ziko kumi na nne. Programu yetu ya bakapu ina leseni ya soketi nne. Tangu seva ya tatu iingie kwenye klasta, yaani kundi moja na hizo mbili, usiku mwingine bakapu inapita yote, usiku mwingine mashine tatu au nne zinakataliwa kwa ujumbe kwamba leseni haitoshi, na si zilezile kila mara. Meneja anasema programu ni mbovu tuitupe. Muuzaji anasema tununue upya leseni zote, za VMware na za bakapu. Kuna kijana amenirushia ufunguo WhatsApp, anasema hauna kikomo. Nishike lipi? Na leseni ikiisha kabisa, nakala zetu za zamani zitafunguka?"

Marahaba ndugu yangu. Kabla ya leseni, kuna kazi ya kufanya leo kabla hujafunga ofisi. Fungua ripoti ya bakapu uangalie kila mashine pepe, yaani kila kompyuta ya kiprogramu inayoishi ndani ya seva, ilichukuliwa lini kwa mara ya mwisho ikafaulu. Usitazame rangi ya kazi nzima, pitia mashine moja moja. Kazi inaweza kusoma "imekamilika kwa onyo" kwa wiki nzima, kumbe mashine yenye mfumo wa mikopo haijaguswa tangu Jumatatu ya juzi. Ukikuta hifadhidata ya wanachama ina siku kadhaa bila nakala, itoe kwa mkono kwa zana ya hifadhidata yenyewe, uiweke kwenye diski ya nje, kisha uichomoe diski hiyo. Kwa hilo huhitaji leseni ya mtu. Mengine ninayoyaeleza hapa yanaweza kungoja hadi wiki ijayo.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Meneja wako amekosea: programu inafanya kile hasa ilichoandikiwa kufanya. Muuzaji naye amechanganya leseni mbili zisizohusiana, na kwenye moja kati ya hizo anataka kukuuzia kitu ambacho huenda unacho tayari.

Programu za bakapu za aina hii hazikai ndani ya mashine pepe. Zinazungumza na vCenter, programu inayosimamia seva zako zote, zinaomba snapshoti ipigwe, yaani picha ya mashine ilivyo wakati huo, kisha zinasoma diski ya mashine kupitia seva inayoibeba kwa wakati huo. Kwenye leseni ya soketi kinachohesabiwa ni prosesa za seva inayobeba. Haijalishi mashine ni ngapi, data ni nyingi kiasi gani, wala prosesa ina viini (cores) vingapi ndani yake. Seva zako mbili za mwanzo zina prosesa mbili mbili, jumla soketi nne, na leseni zako ni nne. Hesabu ilifungwa hapo. Siku mashine moja tu iliyo kwenye ratiba ya bakapu ilipokutwa juu ya seva ya tatu, programu ilihitaji soketi mbili zaidi, ikazikosa, ikaiacha mashine hiyo na kuendelea na nyingine.

Fikiria ushuru wa sokoni. Kuna ushuru wa kizimba na kuna ushuru wa gunia. Aliyelipia vizimba viwili anaweza kupanga humo magunia kumi au arobaini na mtoza ushuru hatasema neno, lakini akisogeza gunia moja kwenye kizimba cha tatu, anadaiwa kizimba kizima. Wewe umelipia vizimba, na mashine zako ni magunia yenye miguu.

Kwa nini basi si mashine zilezile kila mara? Hapa ndipo ningekaa zaidi kama ningekuwa nawe ofisini. Essentials Plus inakupa uwezo wa kuhamisha mashine ikiwa inafanya kazi, na inakupa HA, yaani seva moja ikianguka mashine zake zinawashwa upya kwenye seva zilizobaki. Haikupi DRS, ile ya kusawazisha mzigo yenyewe. Maana yake mashine zako hazizururi ovyo usiku. Zikifika seva ya tatu, ama mtu amezihamisha kwa mkono, ama HA imezikimbiza huko kwa sababu moja ya seva za zamani ilizimika. Na kwa kuwa hakuna DRS, seva ile ikiwaka tena mashine hazirudi zenyewe. Zinabaki ugenini mpaka wewe uzirudishe. Ukizirudisha mchana, usiku ule bakapu inapita yote na unadhani tatizo limeisha. Umeme ukiyumba tena, tatizo linarudi na orodha nyingine ya mashine.

Kwa hiyo fungua matukio ya vCenter na logi za bakapu, uziweke bega kwa bega kwa wiki tatu zilizopita. Kila usiku uliokataliwa, angalia saa ishirini na nne zilizotangulia kulitokea nini. Sitashangaa ukikuta kila mara imetangulia seva moja ileile ya 2021 kupotea kwa dakika chache. Ikiwa hivyo, leseni ni dalili tu, na ugonjwa ni UPS yenye betri za tangu 2021 ambazo hazijawahi kubadilishwa. Betri za UPS nyingi huchoka ndani ya miaka mitatu hadi mitano, na kwenye chumba cha joto huchoka mapema zaidi. Itakuwa kichekesho kulipa leseni ya mwaka mzima kuficha betri mbovu.

Ukiwa humo vCenter, angalia jambo lingine kwenye seva ya tatu: uliipa ufunguo wa leseni, au uliiacha kwenye muda wa majaribio? ESXi 7, ile programu inayoendesha mashine pepe juu ya seva, ikisakinishwa upya hufanya kazi na uwezo wake wote kwa siku 60 bila ufunguo. Siku hizo zikiisha, seva inakatika kutoka vCenter. Mashine zilizokwisha kuwaka zinaendelea, lakini ukiizima mojawapo hutaweza kuiwasha. Na kama kuna mtu amekushauri uiwekee ESXi ya bure ili kuokoa fedha, usikubali. Toleo la bure haliingii kwenye vCenter, na njia ambayo programu za bakapu huitumia kuchukua mashine pepe imefungwa humo. Ukijaribu utapata ujumbe mwingine kabisa, kwamba leseni iliyopo au toleo la ESXi haliruhusu kitendo kilichoombwa. Watu wengi huuchanganya ujumbe huo na huu wako, wakaongeza leseni ya bakapu wakati aliyekataa ni ESXi. Soma ujumbe kwa makini ujue nani anakukatalia.

Na hapa ndipo muuzaji anapopotoka. Essentials Plus iliuzwa kama fungu moja la seva tatu, kila moja isizidi prosesa mbili. Ulipokuwa na seva mbili ulikuwa unatumia theluthi mbili ya ulichonunua. Seva ya tatu imeingia kwenye nafasi iliyokuwa wazi. Cha kuangalia ni idadi ya viini: leseni za enzi hiyo zilihesabu prosesa moja hadi viini 32, kwa hiyo kama prosesa mpya zimezidi hapo, kuna deni la kweli. Zisipozidi, weka ufunguo ulionao na umalize. Kuna jambo moja tu muuzaji yuko sahihi, ingawa hakulieleza. Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikasitisha uuzaji wa leseni za kudumu. Leseni yako ya kudumu haijafa kwa hilo, lakini huwezi kuongeza nyingine ya aina hiyo, na ESXi 7 yenyewe ilifika mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 2 Oktoba 2025. Unaweza kuendelea kuiendesha, ila jua kwamba uko kwenye nyumba ambayo mwenye nayo hatengenezi tena paa.

Turudi kwenye bakapu. Njia ya bila gharama ni nidhamu: mashine zote zenye bakapu zikae kwenye seva mbili zenye leseni, seva ya tatu ibebe za majaribio na iwe kimbilio la dharura tu, na kila HA inapofanya kazi yake, wewe uzirudishe kabla ya saa ya bakapu. Ni halali na inafanya kazi. Udhaifu wake ni kwamba inategemea wewe uwe macho, na siku uko likizo Kigoma kwa wakwe hakuna wa kuzirudisha. Iishi hivyo kwa wiki chache, si kwa miaka.

Usiingie kwenye mchezo wa kunyang'anya leseni seva moja na kuipa nyingine kila asubuhi. Programu inakuruhusu kuondoa leseni kwa seva iliyostaafu, na watu wajanja wamegundua wanaweza kuzungusha soketi nne kwenye seva tatu. Kwanza shimo linahama tu, kwa sababu usiku huohuo seva uliyoinyang'anya inahitaji bakapu. Pili, mikataba mingi inataka kila seva yenye mashine zinazolindwa iwe na leseni, kwa hiyo hapo umevunja mkataba kwa mikono yako na logi zinakutaja.

Kuna wanaochomoa prosesa moja kwenye baadhi ya seva. Ukizifanya seva mbili ziwe na prosesa moja moja na moja ibaki na mbili, unapata soketi nne kamili. Inachekesha lakini ni halali kabisa. Bei yake ni kwamba kwenye seva ya soketi mbili, nusu ya nafasi za RAM zinategemea prosesa ya pili, na baadhi ya nafasi za kadi pia. Ukichomoa prosesa, RAM ya upande huo haionekani. Kwa SACCOS yenye mashine kumi na nne ndogo huenda ikatosha kabisa, ila piga hesabu ya RAM kwanza: seva moja ikianguka, mbili zilizobaki zitaweza kubeba mashine zote?

Kununua soketi mbili za ziada ndiyo njia fupi kama bado zinauzwa. Kampuni kadhaa za programu za bakapu, Veeam ikiwa mojawapo, zimeshahamishia wateja wapya kwenye leseni ya kuhesabu mashine, yaani ushuru wa gunia, kwa malipo ya muda. Kwa klasta yako sioni ubaya wake. Leseni ya aina hiyo haijali mashine imelala wapi, kwa hiyo HA ikizirusha popote bakapu inaendelea. Lakini kabla ya kuomba proforma, hesabu upya. Kati ya hizo kumi na nne, ngapi ni za majaribio? Ngapi ni za mfumo wa zamani uliobaki kwa ajili ya kusoma tu, ambazo nakala moja ya kudumu inatosha? Nimeona ofisi ikilipia mashine ishirini na kitu huku zinazoishi kweli hazifiki nusu. Kwa Veeam, kifungu cha ofisi ndogo huuzwa kwa tano tano, kwa hiyo kumi na nne maana yake ni kumi na tano, na kumi ni kumi kamili. Lipo pia toleo lake la bure linalolinda hadi mashine kumi, linaruhusiwa kwa kazi halisi, ila hutapata msaada wa uhakika ukikwama. Fahamu pia kwamba mashine iliyochukuliwa mara moja inaendelea kuhesabiwa kwa siku 31 hata ukiitoa kwenye ratiba, isipokuwa uiondolee leseni kwa mkono. Usijaribu bakapu kwa mashine ishirini siku ya kwanza halafu ushangae leseni zimekwisha.

Bei ukiletewa, iwe ya shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za 2025 zinamtaka muuzaji wa ndani akuandikie kwa fedha yetu. Na umuulize kwa maandishi: bei hii ni ya mwaka mmoja au mitatu, na mwaka wa pili itakuwa ngapi? Leseni ya muda ni ahadi ya bajeti, na bodi ya SACCOS inahitaji kuijua mapema kuliko siku bakapu ikizimika.

Njia ya mwisho ni kuhama kabisa kutoka VMware kwenda Proxmox, mfumo mwingine wa kuendesha mashine pepe. Ni programu huria, bakapu imo ndani yake, na Proxmox Backup Server nayo ni huria. Hakuna anayehesabu soketi wala mashine ili ikubali kufanya kazi. Unacholipia, ukitaka, ni msaada na sasisho zilizopimwa zaidi, na hapo wanahesabu soketi za seva zote za klasta. Tangu toleo 8.2 la 2024 ina zana ya kuvuta mashine kutoka ESXi moja kwa moja, na seva tatu ndiyo idadi nzuri ya kuanzia klasta yake. Kwa kuwa ESXi 7 imeshafika mwisho wa msaada, kuhama kwa namna moja au nyingine kunakuja tu, na mimi ningependelea huku. Lakini gharama inahamia kwenye ujuzi wako na wa atakayekufuata. Anza na mashine moja isiyo na maana, kaa nayo mwezi. Na usithubutu kugusa mfumo wa mikopo wakati wa msimu wa masoko ya tumbaku, wakulima wakiwa wamepanga foleni dirishani wakisubiri malipo.

Ufunguo wa WhatsApp ufute. Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, akiuliza risiti ya leseni huwezi kumwonyesha meseji ya kijana. Lakini sheria kando. Seva ya bakapu ina nywila za vCenter, inaweza kusoma kila diski ya kila mashine, na inaweza kufuta nakala zote. Wezi wanaofunga data na kudai fedha huitafuta hiyo kwanza. Ufunguo wa kuchonga mara nyingi huja na faili la kubadilisha ndani ya programu, na faili hilo linaendeshwa kwa mamlaka yote hayo. Taarifa za wanachama wako ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zikivuja, anayehojiwa ni SACCOS na wewe, kijana hatapokea simu.

Hili hujauliza, lakini seva ya tatu imelileta. Mashine pepe ngapi zinatumia Windows Server? Leseni ya Standard, ikifunika viini vyote vya seva, inaruhusu mashine mbili za Windows juu ya seva hiyo. Ukiwa na HA, kila seva inapaswa kufunikwa kwa idadi kubwa zaidi ya mashine za Windows zinazoweza kujikuta juu yake, na leseni haihamishwi kutoka seva moja kwenda nyingine kila unapotaka. Kwa kawaida lazima zipite siku 90. Hapa hakuna programu itakayokugomea usiku. Utajua siku ya ukaguzi. Kwa hiyo kabla ya kulipia bakapu, piga na hesabu hii, maana mara nyingi deni kubwa limejificha hapa.

Kuhusu nakala za zamani: kwa programu kubwa zinazojulikana, leseni ikiisha unachozuiwa ni kuchukua nakala mpya, kurejesha kunabaki wazi. Veeam iko hivyo, na ina hata zana ndogo ya pembeni ya kufungua mafaili yake bila seva nzima ya bakapu. Kwa programu yako, tafuta sentensi hiyo kwenye mkataba, usitegemee neno langu. Kinachofunga nakala milele ni nywila ya usimbaji iliyosahaulika. Iandike, itiwe kwenye bahasha, ikae kwenye sefu ya mhasibu.

Halafu rejesha mashine moja kweli, ile ya mfumo wa mikopo, ikiwa imekatwa mtandao ili isigongane na iliyo hai. Mifumo mingi ya uhasibu hufunga leseni yake kwenye utambulisho wa mashine au anwani ya kadi ya mtandao. VMware ikikuuliza kama mashine imehamishwa au imenakiliwa, ukijibu imenakiliwa inapewa utambulisho mpya, na mfumo unaweza kufunguka ukikuambia haujasajiliwa. Ukijibu imehamishwa utambulisho unabaki. Afadhali uligundue hilo mchana wa Jumamosi, na namba ya simu ya aliyewauzia mfumo ikiwa mkononi.

Mwite mtu aje mwenyewe ukikuta snapshoti za zamani zimejazana na nafasi ya diski inakaribia kuisha; kuzifuta vibaya kunaweza kusimamisha mashine zote. Mwite pia kabla ya kuchomoa prosesa, na kabla ya kusaini mkataba wa leseni wa miaka mitatu. Akija awe na idhini ya kampuni husika, na umkabidhi karatasi yenye seva, prosesa, viini, mashine pepe na mfumo wa kila moja, pamoja na nakala ya vyeti vya leseni vya 2021. Asiyetaka kuiona karatasi hiyo kabla ya kutaja bei, mpe chai umsindikize.